Daftari la Sikudhani

Kituoni kwetu Kinyerezi vizimba ni tisa,
mbwa thelathini na mmoja,
paka tumeacha kuwahesabu.

Kwa hiyo Sikudhani haendi kuchukua.
Anakwenda kubisha hodi.

Leo ni Vingunguti, kwa Mwinyikondo fundi cherehani.
Mwenye nyumba kasema: "Mbwa au chumba, chagua,
na mwezi unaandama Alhamisi."
Kamba iko mkononi tayari.
Bosi anatikisa mkia,
anadhani ni matembezi.

Sikudhani hahubiri.
Anaomba kigoda, anaomba maji,
anauliza kinachombwekesha usiku.
Kumbe panya,
na geti lisilo na komeo.

Komeo, shilingi elfu tatu.
Sindano ya kichaa, bure, wiki ijayo.
Mwenye nyumba ndiye ghali:
vitumbua sita, chai mara mbili,
na saa nzima ya kusikiliza habari za figo zake.

Jioni anafungua daftari.
Safu ya walioletwa ni nyeupe.
Pembeni, kwa kalamu inayokwamakwama, anaandika:
*Bosi, Vingunguti. Kabaki kwao.*

Halafu anakunja mikono ya gauni, anaosha ndoo.
Thelathini na mmoja hawajala.