Upande wa Chini

Tulikuwa watatu ndani ya gari la kukodi,
Februari, Silesia, theluji imeshika weusi wa makaa:
Halszka, msanifu, na kalamu zake tatu;
Ignacy, profesa wa mizigo na upepo;
na mimi, Bożena, miaka thelathini na moja nikikagua mishono ya chuma
kwa tochi, kioo kidogo, na ukucha wa kidole gumba.
Walinialika, nadhani, ili karakana nayo ipate kiti.

Kwanza uwanjani.
Paa! Sitakuwa mnafiki, nilisimama kinywa wazi.
Mita mia moja na arobaini bila nguzo,
boriti zinapanda, zinapinda, zinakutana hewani
kana kwamba hakuna aliyeziambia kuwa ni nzito.
Halszka alinong'ona kitu. Ignacy alipiga hesabu kwenye kiganja cha glavu.
Mimi nikaomba ngazi.

Juu, kwenye kiungo cha saba,
maji yalikuwa yametuama, yakaganda,
sahani ya barafu iliyosahauliwa na mgeni.
Hakuna tundu la kuyatoa.
Tundu la milimita kumi na mbili tu, jamani!
Nikaandika. Kutu haina haraka,
na haijawahi kusikiliza hotuba ya ufunguzi.

Daraja la Zabrze halikupigwa picha nzuri.
Mita thelathini na nane juu ya reli,
toka fleti za wachimba makaa hadi zahanati.
Kijivu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
mimi nililala chali kabisa,
mfuko wa plastiki mgongoni, theluji ikiniingia kolani,
mama mmoja na kikapu chake akiniuliza kama niite daktari au yeye aite.

Na huko chini, wanakopaona madereva wa treni peke yao,
kila ukingo umesuguliwa ukawa mviringo
ili rangi ipate pa kushika.
Kila bolti imechungulia nje ya nati, nyuzi mbili, mbili, mbili.
Mishono imelala kama ukili
ulioshonwa na mtu asiyesubiriwa popote.

Fundi wao, Alojzy Kubica, hakuisifu kazi.
Alituonyesha kosa.
"Bamba la tatu. Shimo lilikwenda kombo milimita nne.
Ningelipanua, nani angejua?
Tukalitupa bamba zima. Siku mbili zikapotea, na faini juu."
Ignacy: mbona hukuandika kwenye faili?
"Faili iliuliza mafanikio."

Usiku, hotelini Katowice, supu ikipoa,
tulijaza fomu: ubunifu, ukubwa, gharama, mwonekano.
Hapakuwa na kisanduku cha bamba lililotupwa.
Nilibishana hadi sauti ikakwaruza.
Najua, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,
na mimi ngozi yangu ina alama za cheche.
Wawili kwa mmoja.
Wala hawakukosea sana; paa lile ni paa.
Nilidai kitu kimoja, nikakipata kwa maandishi:
litobolewe kabla ya Aprili.
Nikatia sahihi.

Aprili, tafrija, mashati meupe.
Tuzo yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, inang'aa,
na kabla ya picha wakanipa niishike.
Mkono una mazoea yake. Nikaigeuza.
Pale kitako kinapokutana na shina
ukucha ukanasa:
kishimo, upana wa punje ya mtama,
kimezibwa kwa rangi.

Nikairudisha mezani, uso juu, nikatabasamu kwa kamera.
Kwenye meza ya mwisho, jirani na mlango wa jikoni,
Alojzy aliona yote.
Akainua nyusi: vipi?

Nikatikisa kichwa.
Akacheka hadi akamwaga bia.