Kupika Mlima

Gesi ya maabara iliisha tangu Machi,
kwa hiyo nimewasha jiko la mkaa mbele ya Kidato cha Pili B,
nimeteleka sufuria ya maji matupu,
na kipimajoto chetu, kimoja tu, nimekifunga kwa uzi kwenye mwiko.
"Andikeni," nasema. "Usawa wa bahari, Bagamoyo: nyuzi mia."
Wanaandika.
Kipimajoto kinasoma tisini na nane.
Darasa zima kicheko.

Nawaacha wacheke. Kisha nawapa habari za Marjani,
babu yake bibi yangu, mpishi wa safari.
Katika daftari la mishahara hana jina,
yupo kati ya mizigo ya chumvi na punda wawili:
*Mpishi, mmoja. Reale tano.*

Siku moja kabla ya msafara kuvuka Kingani
mzungu alimwita ufukoni, akamwambia achemshe maji.
Marjani akapanga mafiga, akachochea.
Akasubiri mchele. Haukuja.
Akasubiri majani ya chai. Wapi!
Mzungu akafungua kijaluba cha shaba,
akatoa kijiti cha kioo chenye zebaki tumboni,
akakishika penye mvuke, akakodoa, akaandika,
akamwaga maji.
Kuni zimeteketea na hakuna aliyekula.
"Bwana, umepika nini?"
Naye, kwa Kiswahili chake cha wiki sita:
"Bado. Nitapika mlima."

Basi sifuri yao ilikuwa mchanga huu.
Kila kilele walichokwenda kukisoma Ulaya,
mbele ya wazee wenye ndevu na kofia ndefu,
kilihesabiwa kutoka mafiga ya Marjani,
mawe matatu, moja lina ufa.

Usagara, kwenye mteremko wa matope,
mchukuzi Ferahani aliteleza. Kijaluba hicho, pu!
Zebaki ikawa shanga zisizoshikika,
watu wakazifukuza majanini kama watoto.
Mzungu alikaa juu ya sanduku, kichwa mikononi.
Wakampa pole mmoja mmoja,
ingawa hawakujua nani kafa.

Marjani akamwendea na chungu cha kunde.
"Bwana, pwani hizi nikiziteleka adhuhuri, alasiri tunakula.
Ukwere vilevile.
Simbamwene, jua linazama.
Jana hapa tumelala njaa, na kunde zinagonga chungu kama kokoto.
Kuni si mbichi. Maji yanachemka, nayaona,
lakini yanachemka bila ukali."

Mzungu alimtazama kitambo.
"Tangu lini unajua haya?"
"Tangu safari ya kwanza, ya pembe,
nilipopigwa kwa ajili ya kunde mbichi."

Usiku ule namba iliandikwa, na pembeni yake:
*imekadiriwa kwa njia nyingine.*

Njia nyingine alikuwa na shingo nene
na kovu la mjeledi chini ya kikwapa.

Au ndivyo alivyosema bibi, akipepeta ungo,
na bibi, Mungu amrehemu, hakuwa bahili wa chumvi.
Daftari nimeliona kwa picha. Kovu sijaliona.
Mimi mwalimu wa fizikia, neno *ushahidi*
nalisahihisha kila wiki kwa kalamu nyekundu,
nami leo nimesimama mbele ya watoto arobaini na tatu
na hadithi ya kunde.

"Mwalimu," anasema Mwanaisha wa dawati la nyuma,
"labda kipimajoto hakijakosea.
Labda Bagamoyo imepanda."
Tunapiga hesabu ubaoni: nyuzi mbili, mita mia sita.
Kwa kipimo hiki tumo mawinguni,
na bahari, ile pale dirishani, haina habari.

"Futeni ile mia," nasema.
"Andikeni mlichokiona."
Wananiangalia kama nimewadanganya,
na kweli nilikuwa karibu.

Mkaa bado mwekundu. Kengele, dakika ishirini.
Nafungua mkoba, natoa kunde.