Chupa ya Saba

Chupa saba tupu za maji,
zilizobaki arusi ya Ghanima.
Nimezitoboa kwa msumari wa moto,
matundu manne chini ya bega,
upana wa punje ya choroko.
Ukizidisha, nzi atatoka kama alivyoingia,
ameshiba, wala kwaheri hakwambii.

Nasoro kapiga simu kutoka Maskati:
“Mama, si nikununulie dawa? Riali saba tu.”
Riali saba tu!
Nikamwambia hamira ni baisa mia,
siki ninayo, ya tende zilizochacha zenyewe mtungini,
na tone la sabuni ya vyombo nani analipia?
Sabuni ndiyo inayolegeza maji chini ya miguu yake.
Akitua, hayamchukui tena.
Kwa Kiswahili nilimwambia.
Akanijibu Kiarabu,
kama kawaida yake akitaka maneno yaishe.

Monir ananishikia ngazi.
Lugha yetu, mimi na yeye, ni Kiarabu cha kuombea chumvi,
ila neno “funza” amelijua:
nilipasua pera, nikamwonyesha.
Tangu siku hiyo kila tunda analitazama kwa jicho la polisi.

Wiki ya kwanza nilikosea.
Nilitia asali ya tende, tele,
kwa mkono wa mtu anayekaribisha wageni.
Ijumaa nikakuta nzi kumi na mmoja
na nyuki thalathini na wanne.
Niliwatandaza juu ya gazeti mmoja mmoja,
mabawa yamewagandia
kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Khalfani ana mizinga yake nyuma ya ukuta.
Sikumwambia.
Nakwambieni nyinyi.

Sasa utamu nimeuondoa. Siki kali na hamira,
nyuki hupita mbali, pua juu.

Na ile chupa ya saba,
ya upande wa kivuli, karibu na falaji,
haina chakula hata chembe.
Ina mrehani.
Nimeuponda kwenye kinu cha mama,
kinu kilichopanda ndege nami kuja Ibra
kimefungwa ndani ya kanga mbili.
Huko wanakuja madume peke yao.
Hawana njaa, hawatafuti kitu cha kula;
wanasukumana mlangoni, manjano viunoni,
wanazama kwa harufu.
Nilicheka hata ngazi ikatikisika.
Halafu nikanyamaza.
Marehemu Mselemu naye, kule Ng’ambo,
alianza kwa kuuliza kikuba changu kimefumwa na nani.

Lakini majike wapo,
na jike mmoja anatosha kwa mti mzima.
Kwa hiyo alfajiri tunainama, mimi na Monir,
tunaokota yaliyoanguka,
yote, hata lile linaloapa kuwa ni zima,
tunayafunga kwenye mfuko mweusi,
tunauacha juu ya zege.
Jua la hapa halifundishwi kazi.

Alhamisi Nasoro kaja.
Kachuma pera, kalipasua kwanza,
kalimulika kwa simu, huku na huku,
kama anasoma mkataba.
Kalila limesimama bado ufunguo wa gari mkononi.
“Liko jengine?”
Kiswahili, bila ya kujijua.
Nami sikuwahi kumjibu,
nilikuwa nimeinamia chupa, nahesabu:
arubaini na tatu, arubaini na nne,
na mmoja bado anatapatapa.