Wimbo wa Saba

Nilikuwa na duka la kudurufu, Newala, jirani na stendi:
fotokopi moja, kompyuta moja yenye homa,
na bango la mkono wangu, TUNAWEKA NYIMBO, buku kwa kumi.

Wakaja watatu, Ghala Namba Tatu wanajiita:
Chinduli, Nankoma, na Fadhina binti wa mpima korosho,
wameshika flashi iliyoviringishwa karatasi ya daftari
kama hirizi ya mtoto mchanga.
Albamu ya kwanza. Nyimbo kumi na moja. Jina, *Salfa*.
Walirekodi Kitangari, kwenye banda la kuku la zamani,
magodoro ukutani, trei za mayai darini,
na ukitega sikio kwenye wimbo wa tatu
yumo jogoo mmoja asiyeambiwa kwamba wenzake wamehama.

"Kaka Mchopa, tutolee sidii mia. Zikiuzika tunakulipa."
Nikacheka, nikaanza kuhamisha.
Wa saba ukiwa njiani, umeme ukakatika.
Newala umeme haupigi hodi, kuja wala kuondoka.
Uliporudi nikaendelea pale mashine ilipotaka.
Sikusikiliza. Naandika leo: sikusikiliza.
Nakala zote mia zikazaliwa na nakala ile.

Ikatoka Oktoba, mnada wa kwanza umeshapita,
watu wana senti mfukoni na maneno mdomoni.
Bodaboda wakasema biti nzito, sauti zimezama,
kama watu wanaogombana ndani ya gunia.
Mtangazaji mmoja wa Mtwara aliupiga wimbo mmoja, saa sita usiku,
Ghala akaita Gala, akarukia tangazo la mabati.
Mwalimu Nandonde alihesabu vina kwa kalamu nyekundu:
Nankoma, arobaini na mbili kwa mia.
Fadhina, themanini, na pembeni: *mistari minane tu? Kwa nini?*
Swali hilo Chinduli hajalijibu mpaka leo.
Katibu wa chama cha msingi alinunua nakala tano.
Tulidhani kapenda.
Alikuwa anazipunguza sokoni.

Lakini wimbo wa saba.
Chinduli anataja kilo, anataja makato,
ya gunia, ya usafiri, ya ushuru, ya ghala,
biti inapanda, anavuta pumzi:
"Na malipo ya pili yame—"

Halafu wimbo wa nane.

Watu walishika vichwa. Kijana huyu! Kakata pale pale!
Wengine: kajiziba mdomo kabla hajazibwa.
Wengine: kimya kile ni dakika nzima. Nilikipima, sekunde mbili.
Jamaa akatoka Tandahimba kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope,
kuniuliza kama ninao ule ambao haukukatwa.
Nikapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Nikasema hakuna.

Wenyewe walifika siku ya nne.
Nankoma aliinua stepla anipige nayo.
Fadhina ndiye aliyecheka. "Mwache. Sikiliza nje."
Nje, mtoto wa darasa la tano anasukuma toroli la madumu ya maji:
"Malipo ya pili yame—"
anameza mate, anasukuma.

Desemba wakapanda jukwaani, uwanja wa shule.
Chinduli alipofika pale, akaishusha maiki kifuani.
"Yameliwa!" wakapokea wa kwenye ukuta.
"Yamelala!" "Yamepotea njia!"
Na Somoe Hokororo, mtoto mgongoni, mkono juu, anasukumana na watu:
"Yameezeka nyumba yangu! Msinifanye muongo!"
Wakacheka, wakamzomea kidogo,
kisha pakatulia, maana bati la Somoe kila mtu kaliona.

Baadaye, tukikunja nyaya, nikamwuliza Chinduli
neno lenyewe, lile la kwenye flashi, lilikuwa lipi.
Akakuna kidevu. "Kaka Mchopa, nimesahau."
Sikumwamini.
Nikamwuliza basi hela yangu ya nakala mia.
Akavuta pumzi vizuri, kama mtu anayeanza ubeti,
akanyamaza pale pale.