Kichwa Ndani ya Kijaluba

Nilimpata Kongowea, ndani ya gunia la wanasesere waliovunjika,
boksi limebonyea, selotepu imekauka, bei mia tatu.
Muuzaji aliniapia kuwa ni roboti ya kuchemsha chai.
Sikubishana. Nilishaona kifuani: 09,
na begani ile michubuko midogo ya vimondo
ambayo mtu fulani kiwandani aliichonga kwa kusudi.

Karatasi ya maelekezo ni ya lugha nisiyoijua.
Mishale naielewa. Mshale hauna lafudhi.
Vipande mia na arobaini na viwili
vimeshikana kwenye fremu kama mishikaki mibichi;
navikata kimoja kimoja kwa koleo la kazini,
maana mimi ni fundi wa meno ya bandia, Ganjoni,
na mchana kutwa natengeneza vicheko vya watu wengine.

Msasa namba mia nne, halafu elfu, halafu ukucha.
Joto la Machi halitaki pupa:
rangi hukubali, kisha hubadili nia,
ikatoka malengelenge kama mtoto mwenye harara.
Nikafuta. Nikapaka. Stima ikapotea.
Feni ikasimama, nami nikasimama nayo, brashi hewani.

Mkono wa kushoto haukuwemo.
Nilipekua boksi, gunia, hata mfuko wa suruali.
Basi nikaufinyanga kwa resini ya ufizi,
ile ya waridi, iliyobaki kwenye meno ya Mzee Lalo:
vidole vitano, kimoja kimepinda,
kwa sababu hapo ndipo Mzee Lalo mwenyewe
alipobisha hodi kuulizia meno yake.

Nyumbani Majengo, mama alisimama mlangoni na tasbihi.
"Kina macho?"
Kina, mama.
"Basi malaika hawapandi ngazi hii."
Hakupaza sauti. Mama hukataa jambo
kama anayepunguza chumvi.

Siku tatu tulivutana kwa adabu.
Ya nne, akichambua mchele, bila kuinua uso:
"Kisicho na kichwa si sanamu. Hiyo ni nguo tu."

Ndivyo Tisa alivyopata makao:
kiwiliwili juu ya kabati la vyombo, karibu na birika,
shingo wazi, deraya ya kijivu
yenye kutu niliyoibuni kwa bizari na gundi;
na kichwa ndani ya kijaluba cha tambuu cha bibi yangu,
ambacho hadi leo kinanukia karafuu.

Na kichwa kile, nawaambia, ndicho kazi yangu bora.
Wiki mbili, brashi ya nywele tatu, pumzi nimeibana.
Ndani ya mboni niliweka cheche moja
ya rangi ya jino la mbele, ile tunayowapa maharusi,
na chini yake mkunjo wa uchovu
wa mtu aliyelinda lango miaka mingi
katika sayari isiyo na adhana,
isiyo na wa kumwambia, njoo ule, chakula kinapoa.
Kazi yote hiyo, na hakuna aliyeiona.

Jana usiku stima ilipotea tena.
Nikawasha tochi ya simu, nikafungua kijaluba,
nikakitia kichwa shingoni. Kiliingia kwa mlio mdogo, tik,
kama jino linapokubali kinywa.
Tukatazamana.
Alionekana kama mgeni aliyeamshwa
kabla hajakumbuka amelala nyumba gani,
mkono wa kushoto mbele, kidole kimepinda,
kana kwamba ananiomba nisubiri kidogo.

Nikasikia ndara ukumbini.
Nikakichomoa. Kilikaribia kuniponyoka.
Nikafunga kijaluba, nikazima tochi, nikakaa
kama mwizi wa sukari.

"Ushakirudisha?" mama akauliza gizani.
Nishakirudisha.
"Haya."
Ndara zikaenda hatua mbili, zikasita.
"Lakini jicho la kushoto," akasema,
"umelizidishia wanja."