Nguzo

Nguzo haikatwi kwa hasira.
Endel alisubiri miaka kumi na minne
huku ile ya mashua yao, katikati ya chumba,
ikibeba mlingoti juu na kumgonga Vaike nyonga
kila apitapo na sufuria ya supu.

Kisha, baridi moja, bandani huko Haapsalu,
bahari imeganda hata watu wanaipita kwa baiskeli,
akapinda mbao nyembamba za mwaloni:
gundi, jiliwa, tena gundi,
mpaka tao likashika umbo la mgongo wa paka.
Akalikaza chini ya dari, ubavu kwa ubavu,
mzigo ushuke pembeni.

Msumeno. Jeki ikalegezwa.
Dari ikaguna kidogo, ikanyamaza.

Sasa meza inakunjuka yote,
na mtu mzima ananyoosha miguu.

Mei, majini, Vaike anakuja na sufuria;
pale pasipo kitu
anageuza nyonga, anapita upandeupande
kama anayempisha mgeni.
"Haipo," Endel anamwambia.
"Najua."
Kesho yake anageuka tena.

Kipande cha nguzo kiko nyumbani,
kinazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo.