Chungwa la Somo la Sindano

Daftari langu lina pande mbili.
Mbele: vali, mishipa, vyumba vinne vya moyo.
Nyuma, limegeuzwa kichwa chini miguu juu:
kodi elfu tano na mia tano,
Bi Mejumaa mia tatu kwa wiki, za kumlaza mtoto,
maji mitungi minne, stima ya hamsini
(hamsini haifiki Alhamisi),
viatu vyeupe vya wadini, bado.
Kurasa zinasogeleana.
Nahofia siku zitakapokutana katikati
zikatazamana kama watu wanaodaiana.

Usiku nalinda ghala Shimanzi.
Mchana nasomea uuguzi, mwaka wa pili.
Baina ya hayo, saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi,
nasuka.
Saumu ana nywele kaidi.
"Baba, unavuta!"
Navuta, naam. Mkono huu jana ulishika rungu,
baadaye utashika sindano,
sasa umeshika kitana;
una haki ya kuchanganyikiwa.

Watu wa Mishomoroni wana maswali.
Mwanamume, na uuguzi?
Na huyu mtoto, mamake yuko wapi?
La kwanza nina jibu lake.
La pili nalimeza na chai ya rangi.

Bi Mwanasiti, mwalimu wa vitendo, alisema
kila mtu aje na machungwa:
ganda lake hukataa kama ngozi, kisha hukubali.
Wenzangu walikuja na matatu, manne.
Mimi nilinunua moja Kongowea, shilingi kumi,
nikalidunga mara kumi na tisa,
sindano wima, maji yaliyochemshwa,
hadi likawa zito kuliko lilivyoumbwa.
Wao yao waliyatupa pipani.
Langu nililifunga kwa kitambaa.

Jioni: "Baba, mbona halina utamu?"
"Limedungwa sindano."
"Lilikuwa linaumwa?"
"Kidogo. Limepona."
Akala vipande saba, akanibakishia viwili
na mbegu zote.

Hapo ndipo Bwana Shee alipobisha hodi.
"Leo tarehe kumi na nne."
"Tarehe naijua, mzee wangu."
Macho yangu yakashuka, si kwa haya,
haya, basi, na kwa haya pia,
yakaviona vifundo vya miguu yake
vimefura juu ya makubadhi.
Nikampindulia ndoo, akaketi.
Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikahesabu, nikaachia.
Shimo likabaki.
Ukurasa wa arubaini na moja, upande wa mbele.

"Unalalia mito mingapi?"
"Mitatu. Nani kakwambia?"
"Na ukipanda ngazi?"
Akatazama dari, ambayo ni sakafu yake.

Nikamwambia aende Makadara kesho alfajiri,
asingoje Jumatatu, asingoje mwanawe wa Malindi.
Nikamwandikia la kumwambia daktari
kwenye karatasi niliyoichana katikati ya daftari,
pale pale pande mbili zilipokaribia kugusana.
Akaisoma mara mbili. Akaitia mfuko wa kanzu.
"Ahsante, mwanangu," alisema.
"Na kodi, Ijumaa."
"Ijumaa."

Tukamsikia akipanda:
vidato vinne, kimya. Vitatu, kimya.
Saumu alikuwa akihesabu kwa sauti,
vile nilivyomfunza kuhesabu mpigo wa mkono wangu.
"Baba, amesimama tena."

Nikavaa koti la ulinzi, nikampeleka kwa Bi Mejumaa,
nikaomba mia tatu zingoje nazo.
Vidole vilinuka ganda la chungwa
hadi saa nane za usiku, chini ya taa ya lango,
nilipofungua ukurasa wa arubaini na moja
nihakikishe sikumdanganya mtu.